Kabla hujafunga tela la asali nyuma ya pikapu

Watu wakitaka kuvuta tela, cha kwanza wanauliza ukubwa wa injini. Kuvuta, gari litavuta. Kasheshe iko kwenye kusimama.

Fungua kitabu cha gari utafute namba mbili: uzito wa tela lenye breki zake na wa tela lisilo nazo. Kwa pikapu nyingi, tela lisilo na breki mwisho ni kilo 750. Matela yetu ya kuchomelewa mtaani mengi hayana breki, kwa hiyo usijidanganye na ile namba kubwa. Fundi akikuambia "hili linabeba tani", muulize ekseli kaitoa kwenye gari gani.

Tairi: kagua upepo, nyufa, nati. Mnyororo wa usalama uwepo, usiburuze chini.

Sasa uzito, hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa natoka Sikonge kuja Tabora mjini na madumu 22 ya lita 20. Tela tupu kilo 300. Lita 440 nikazifanya kilo 440, jumla 740, nikajiona mtaalamu. Asali si maji, jamani! Lita moja inakaribia kilo 1.4, dumu moja ni kilo 28 hivi. Nilikuwa nakokota zaidi ya kilo 900. Halafu madumu nikayapanga nyuma ya ekseli, eti nipate urahisi wa kushusha.

Kwenye mteremko mdogo tu, mwendo 80, basi likanipita. Upepo wake ukalisukuma tela, likaanza kucheza: kushoto, kulia, kila safari linazidi, na nyuma ya pikapu nahisi inanyanyuliwa kama mtu aliyekamatwa kiuno. Nikakanyaga breki. Wewe usikanyage. Toa mguu kwenye mafuta, nyoosha usukani, acha mwendo ushuke wenyewe. Mimi niliishia mtaroni, madumu mawili yamepasuka, na nyuki walifika kabla ya watu.

Kwa hiyo mzigo mzito ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Shingo ya tela ikandamize gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Tela la kilo 700 ni kilo 70 hadi 105. Simamisha tela pahali tambarare, egemeza shingo kwenye mizani ya ghala, soma. Kilo hizo ni mzigo wa gari pia, zijumlishe na abiria na magunia yaliyo nyuma. Ukiona pikapu imechuchumaa na taa zinamulika vilele vya miembe, shusha kitu.

Taa za tela zikigoma, usiseme utafika kabla ya magharibi. Usiku kuna ng'ombe, kuna baiskeli za mkaa zisizo na taa, kuna lori bovu lililowekewa matawi mawili tu barabarani, na ukiliona umeshalifikia.