Gari la spoti la kujijengea: piga hesabu ya kilo kabla ya kununua betri

Magari ya mtindo wa Lotus Seven (gari dogo la spoti lililo wazi, la viti viwili), yanayojengwa kwenye gereji za nyumbani huko Uingereza, utamu wake wote uko kwenye wepesi. Ukitaka kulifanya la umeme, kabla hujauliza mota ina nguvu kiasi gani, jua kilo ngapi zitaingia na zitakaa wapi.

Hatua ya 1: Pima gari lilivyo. Sakafu iwe sawa, upepo wa tairi uwe sahihi, usukani umenyooka. Pima likiwa tupu, kisha na dereva kitini. Mizani nyingi za bafuni huishia kilo 150, na kona moja ya gari, yaani tairi moja, inaweza kuzidi hapo. Basi pima tairi moja moja: weka mizani mbili chini yake, ubao mgumu juu ya mizani, tairi katikati. Jumlisha namba mbili na utoe uzito wa ubao. Tairi nyingine tatu zipandishe kwa mbao hadi kimo kilekile. Moja ikibaki chini hata sentimita moja, springi huhamishia uzito kona nyingine na vipimo vyote vinaharibika. Tikisa gari juu chini kabla ya kusoma, kwa sababu bushi na shokapu hukwama.

Hatua ya 2: Pima kila unachotoa. Injini, giaboksi, rejeta, ekzosi, tanki, propela (shafti ya kupeleka nguvu nyuma), difu. Petroli ni takriban kilo 0.75 kwa lita. Andika pia umbali wa kila kifaa kutoka ekseli ya mbele.

Hatua ya 3: Orodhesha vinavyoingia. Betri ya gari la umeme la Nissan Leaf ya mwanzo, kWh 24 (kipimo cha umeme inaohifadhi), ina moduli 48, yaani vipande vyenye seli ndani, za karibu kilo 3.8 kila moja: kilo 182. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Ongeza angalau asilimia 25 kwa sanduku, vyuma vya kubana moduli, baa za shaba, kontakta (swichi kubwa za kukata umeme) na fyuzi. Sasa ni 228. Vyuma vya kubana usivipunguze, seli huvimba. Waya wa milimita 50 za mraba una karibu kilo 0.45 za shaba kwa mita, bado ganda. Mota, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota) na giaboksi yake: tenga kilo 100 mpaka uvipime mwenyewe.

Hatua ya 4: Zidisha kilo kwa umbali kutoka ekseli ya mbele; jibu linaitwa momenti, na ndilo linaloonyesha uzito unaoegemea nyuma. Mfano: gari la kilo 620, nusu mbele nusu nyuma, mita 2.30 kati ya ekseli. Momenti yake ni 310 × 2.30 = 713.

Toa:
- injini na giaboksi, 190 × 0.45 = 85.5
- rejeta na ekzosi, 30 × 0.4 = 12
- tanki na mafuta, 40 × 2.5 = 100
- difu na propela, 35 × 2.2 = 77

Zinabaki kilo 325, momenti 438.5. Ongeza:
- mota na wenzake, 100 × 2.2 = 220
- betri mahali pa injini, 228 × 0.6 = 137
- chaja na nyaya, 35 × 1.0 = 35

Jumla kilo 688, momenti 830.5. Gawa kwa 2.30: nyuma kilo 361, yaani asilimia 52. Safi kabisa. Lakini ukihamisha kilo 148 za betri nyuma ya viti, mita 2.1 kutoka ekseli ya mbele, nyuma inafika asilimia 66, na gari litapenda kuzunguka kwenye kona.

Hatua ya 5: Usikimbilie kupunguza moduli. Zimeungwa mfululizo, hivyo zikiwa 36 badala ya 48 volti hushuka kutoka 360 hadi 270, na mota hupoteza nguvu kwenye mwendo wa juu. Gari wazi hupambana sana na upepo: tegemea Wh 125 kwa kilomita ukienda kilomita 80 kwa saa, na karibu 210 ukienda 110. Ukitumia kWh 19 kati ya zile 24, ni kilomita 150 dhidi ya 90. Betri ya mtumba hutoa pungufu ya hapo.

Unapounga moduli, acha kiungo cha katikati kiwe cha mwisho na vaa glavu za umeme. Seti nzima ikijaa ni volti 400 za DC.

Hatua ya 6: Pima upya kona zote na urekebishe springi na mgawo wa breki. Ukiachia mafuta, mota hurejesha umeme kwenye betri na kupunguza mwendo; ikiwa nyuma hufunga breki kwa tairi za nyuma tu, kwa hiyo anza na kiwango kidogo cha kurejesha umeme, hasa barabara ikiwa na maji.