Somo: Kusoma sumaku ya miamba ya kale (msinitumie tena inboksi)

Kila wiki swali lilelile: jiwe la Migori litajuaje bara lilikuwa wapi enzi za Rodinia, lile bara kuu la miaka bilioni moja hivi iliyopita? Haya, mara ya mwisho: mwamba ukipoa hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati huo, nasi tunausoma.

1. Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Huku mwenye keekee hudhaniwa anatafuta dhahabu.

2. Tafuta doleraiti (mwamba mweusi wa magma iliyoganda chini ya ardhi) ngumu, isiyooza.

3. Choronga vipande vya sentimita 2.5, sita hadi vinane kila mahali.

4. Chora mshale wa mwelekeo kabla ya kukivunja kipande. Hapa niliungua. Nilipanda kilima, nikapata mwamba mweusi unaopendeza, nikachoronga kutwa. Maabara ikaonyesha kila kipande kinatazama kwake, tena kwa sumaku kali ajabu. Radi! Ukanda huu wa ziwa hupigwa mno, na pigo moja hufunika kumbukumbu ya miaka bilioni. Siku hizi napitisha dira taratibu juu ya mwamba; sindano ikiyumba, nahama. Mtoni na kwenye machimbo ni salama zaidi kuliko kileleni. Nyundo na simu ziwe mbali. Pima mwelekeo pia kwa kivuli cha jua.

5. Maabara: pasha moto kidogo kidogo, upoze pasipo na sumaku. Magnetaiti, madini ya chuma yanayoshika sumaku hiyo, husahau yote kwenye nyuzi 580 za Selsiasi.

6. Mwinamo ni pembe ambayo sumaku ya jiwe inainama kutoka usawa wa ardhi. Tanjenti ya mwinamo, gawa kwa 2, ndiyo tanjenti ya latitudo. Mwinamo 49, latitudo 30.

MASWALI

– Niko Nakuru. Nianzie Menengai?
Volkano ya juzi hiyo. Hata Pangaea, bara kuu la baada ya Rodinia, ilishavunjika zamani. Soma kichwa cha somo.

– Dira ya simu haitoshi?
Hatua ya 4.

– Mwalimu, latitudo nimeelewa. Longitudo je?
Hapo umefikiri. Jiwe moja haliijui, maana kwa wastani sumaku ya dunia ni ileile ukiuzunguka mhimili. Kwa hiyo kusanya miamba ya umri tofauti kutoka bara moja, uchore njia ya ncha ya kale, yaani mahali ncha ya sumaku inapoonekana kuwa kwa kila umri. Fanya hivyo kwa bara la pili. Yasogeze mpaka njia zilaliane: kipindi zinapolaliana, mabara yalisafiri pamoja, zinapoachana, yaliachana. Afrika na Amerika Kusini ni mfano mzuri. Umri upime kwa urani na risasi ndani ya zirkoni (punje ngumu za madini mwambani), usikisie.

– Maji ya kupoza keekee mnapata wapi mlimani?
Mitungi miwili ya lita 20 kwa boda, na pampu ya kupulizia ng'ombe dawa.

– Ile ya mgongoni?
Ndiyo. Ioshe kwanza, mpira wangu uliziba.