Upime mimba lini ili jibu liwe la kweli

Mashoga, hili swali naulizwa sana hapa Malindi. Mtu amelala na mumewe juzi, leo ashanunua kipimo, anaona mstari mmoja, yaani hakuna mimba, analia. Shoga, hata kama mimba imeingia, saa hizi kipimo hakiioni. Kinatafuta homoni inaitwa hCG, na mwili hauanzi kuitoa mpaka yai lijishike kwenye ukuta wa kizazi, ambayo ni kama siku 6 hadi 12 tangu yai litoke, halafu inakuwa karibu mara mbili kila siku mbili tatu, ndo maana leo upate mstari mmoja na wiki ijayo miwili.

Kwa hivyo pima kuanzia siku ya kwanza uliyokosa hedhi, na ukiweza kuvumilia wiki moja mbele ndo bora zaidi. Kama siku zako hazina mpango, au umeacha sindano ya kupanga uzazi karibuni, hesabu siku 21 tangu mara ya mwisho ulipolala na mwanamume bila kinga.

Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ramadhani wengi hukosea hapa, mtu anaamka daku anakunywa maji chupa nzima ndo anapima baada ya alfajiri, mkojo ushakuwa maji matupu. Ukiamka tu, kabla hujagusa maji, kojoa kwenye kikombe kisafi upime. Na uangalie tarehe ya kuisha kwenye pakiti.

Jibu lisome ndani ya dakika zilizoandikwa, nyingi ni 3 hadi 5. Mstari wa pili ukitokea ndani ya muda huo, hata uwe hafifu, karibu kila mara ni mimba. Ukikiacha ukarudi mchana ukaona kivuli, hicho usikihesabu. Na mambo ya chumvi, sukari na dawa ya meno tafadhali achaneni nayo, hayapimi kitu. Kama unaona haya kununua, maana Lamu muuza dawa anamjua mpaka bibi yako, nenda kliniki wakupimie huko.

Mstari mmoja na hedhi bado haijaja? Rudia baada ya wiki. Lakini ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au unatoka damu, hiyo yaweza kuwa mimba nje ya kizazi na inaua, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na nyinyi wa Faza na Kizingitini, kule kisiwani Pate, musingoje boti ya asubuhi.