Kumpima na kumtunza mtoto mchanga aliye hatarini katika materniti za Bukavu

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au mwenye uzito usiofika gramu 2,500, au aliyechelewa kulia, au ambaye mama yake alikuwa na homa wakati wa uchungu, huhesabiwa kuwa hatarini tangu dakika ya kwanza, hata akionekana mzima. Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo, iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua baridi huingia hadi wodini. Kwa hiyo muuguzi wa hapa ajiulize kwanza atampimaje mtoto bila kumpoza.

Ndiyo maana tunaanza kwa macho. Mtoto akiwa bado kifuani pa mama yake, tazama rangi ya midomo na ulimi, sikiliza kama anaguna anapotoa pumzi, na angalia kama pua inatanuka au kifua kinabonyea chini ya mbavu. Kisha funua nguo kidogo na uhesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa maana mtoto aliyezaliwa mapema hupumua kwa kasi, akatulia sekunde chache, akaanza tena, na anayehesabu sekunde 15 kisha akazidisha mara nne hupata jibu la uongo. Pumzi zikifika 60 au zaidi, rudia kuhesabu. Zikibaki hivyo, ni dalili ya hatari. Akikaa zaidi ya sekunde 20 bila kupumua, msugue mgongo mara moja, na asiporejea umpe pumzi kwa barakoa na mfuko.

Baada ya hapo gusa nyayo na tumbo. Nyayo zikiwa baridi na tumbo bado lina joto, mwili umeshaanza kupambana na baridi, ingawa kipimajoto cha kwapani huenda bado kikaonyesha kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kupima uzito kuje mwisho, juu ya kitambaa kilichopashwa joto.

Utunzaji wa kangaroo, yaani kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi kifuani, ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri uanze mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye katika mshtuko (damu yake haizunguki vizuri mwilini). Mvike nepi, kofia na soksi tu, umsimamishe katikati ya matiti ya mama, kichwa kikigeukia upande mmoja na shingo ikinyooka kidogo, miguu ikikunjwa kama ya chura. Mfunge kwa kikwembe (kitenge) ambacho ukingo wake wa juu unafika chini ya sikio, bila kubana tumbo. Mama akichoka, baba au shangazi ashike zamu. Mbabula ya makala (jiko la mkaa) isiingizwe kamwe chumbani, kwani moshi wake usioonekana unaua mama na mtoto pamoja.

Mtoto aliyepoa hutumia sukari yake haraka, hivyo maziwa ya mama yakamuliwe mapema na apewe kila baada ya saa 2 au 3. Aliye chini ya wiki 34 mara nyingi hawezi kunyonya na kumeza kwa mpango, na huhitaji mpira mwembamba wa kulishia, unaofikisha maziwa tumboni. Kwa anayeweza kumeza, gusisha kikombe kwenye mdomo wa chini na umwache alambe mwenyewe, usimmiminie.

Umanjano ndani ya saa 24 za kwanza, degedege, kukataa kunyonya, joto chini ya 35.5, au homa inayodumu ingawa amepunguziwa nguo, vyote vinadai apelekwe hospitali kubwa. Ukishuku maambukizi, dozi ya kwanza ya ampisilini na jentamisini, dawa za kuua bakteria, kwa kadiri ya uzito, itolewe kabla ya kuondoka. Asafiri akiwa kifuani pa mama yake, na karatasi ionyeshe saa ya maziwa ya mwisho, joto, pumzi, na kila dawa aliyopewa pamoja na saa yake.