Somo: Ng'ombe anayerudiwa na ugonjwa wa kiwele

Habari za kazi, wafugaji wenzangu. Swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Nilimtibu akapona, wiki tatu hazijaisha kiwele kimevimba tena. Nimpe dawa gani yenye nguvu zaidi?" Leo naomba tuiweke pembeni habari ya nguvu ya dawa. Ng'ombe anayerudiwa ama hakupona mara ya kwanza, ama alipona kisha akaambukizwa upya, mara nyingi kwa mikono yetu wenyewe. Usipojua uko kwenye lipi kati ya hayo mawili, utamaliza tyubu za dawa ya kutia kwenye chuchu na maziwa yatazidi kupungua.

Hatua ya 1: Andika ni chuchu gani

Daftari linatosha. Andika tarehe, ng'ombe, na chuchu: mbele kulia, nyuma kushoto, na kadhalika. Ikiwa ni chuchu ile ile kila mara, shuku kwamba ugonjwa haukutoka. Ikiwa leo ni hii na mwezi ujao ni nyingine, au unahama kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, tazama ukamuaji na malazi.

Mimi nilijifunza hili kwa hasara. Nilikuwa na ng'ombe wa madoa, chuchu ya nyuma kushoto. Nilimtibu mara tatu, na mara zote tatu maziwa yakasafika nikashukuru. Siku moja baada ya kukamua, kiwele kikiwa kitupu na kimelegea, nikaipapasa sehemu ile taratibu kwa vidole. Ndani kulikuwa na donge gumu, ukubwa wa yai. Bakteria aina ya Staphylococcus aureus hufanya hivyo: hujificha ndani ya seli na kujizungushia kovu, dawa ikapita bila kuwafikia. Tangu siku hiyo hapiti ng'ombe mikononi mwangu bila kupapaswa akishakamuliwa.

Hatua ya 2: Pima hata wasioonyesha dalili

Kila unapokamua, toa michirizi ya kwanza kwenye kikombe chenye uso mweusi. Mabonge na majimaji huonekana hapo hapo. Lakini ng'ombe wengi wana ugonjwa uliojificha, maziwa yanaonekana safi kabisa. Kwa hao tumia kile kipimo cha sahani yenye vijungu vinne: maziwa kidogo ya kila chuchu, dawa ya kupimia kiasi kile kile, zungusha. Yakivutika kama ute wa yai, chuchu hiyo ina tatizo.

Hatua ya 3: Sampuli kabla ya dawa

Kwa ng'ombe aliyerudiwa, hatua hii usiiruke. Safisha ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti, mwaga michirizi ya mwanzo, kisha kamua kwenye chupa iliyochemshwa ukiwa umeilaza, mdomo wake usiguse chuchu. Iweke kwenye baridi na uipeleke maabara mapema. Watakuambia ni bakteria gani na dawa ipi inawaua. Streptococcus agalactiae, kwa mfano, husikia penisilini vizuri sana. Mycoplasma haisikii dawa yoyote ya kiwele.

Hatua ya 4: Tiba

Dawa na idadi ya siku aseme daktari wa mifugo. Kazi yako ni kuitia ipasavyo, na hapa ndipo wengi tunapoharibu. Kamua chuchu hadi iishe. Nawa mikono. Sugua ncha ya chuchu kwa spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Ikitoka na uchafu, chukua nyingine. Ingiza ncha ya tyubu kidogo tu, milimita chache, usiisukume yote ndani, kwa sababu unatanua mlango na kubeba uchafu hadi kwenye kiwele. Nimeona kiwele kilichopata ukungu kwa sababu ya tyubu chafu, na ukungu hausikii antibiotiki. Maliza dozi hata kama maziwa yamesafika siku ya pili.

Hatua ya 5: Kata njia ya maambukizi

Wenye afya wakamuliwe kwanza, wagonjwa mwisho. Kila ng'ombe na kitambaa chake. Ukimaliza, chovya kila chuchu kwenye dawa yenye ayodini, kisha mpe chakula papo hapo ili abaki amesimama: tundu la chuchu huchukua nusu saa hadi saa nzima kujifunga, na akilala kwenye kinyesi wakati huo, bakteria wa kinyesi aina ya E. coli wanaingia. Malazi yawe makavu.

Hatua ya 6: Muda wa kumkausha

Siku 60 hivi kabla ya kuzaa, mkaushe na umtie tyubu ya kukaushia kila chuchu. Dawa hii hukaa kwa wiki nyingi, na ugonjwa sugu una nafasi kubwa zaidi ya kupona hapa kuliko akiwa anakamuliwa. Usiitumie kwa ng'ombe anayetoa maziwa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimemaliza dozi, maziwa ni safi, lakini kipimo bado kinavutika. Niongeze dawa?*

Marahaba. Usiongeze bado. Kinachofanya kipimo kivutike ni seli za kupambana na ugonjwa, nazo huweza kubaki nyingi kwa wiki kadhaa hata bakteria wakiwa wameisha. Pima tena baada ya wiki tatu au nne.

*Maziwa ya ng'ombe niliyemtia tyubu nikiyachemsha vizuri, yanafaa kunywewa?*

Hapana, dada. Kuchemsha hakuondoi dawa. Hesabu siku zilizoandikwa kwenye pakiti kuanzia tyubu ya mwisho. Na ndama usimpe pia.

*Wangu amezaa juzi. Leo hali chakula, chuchu moja inatoa maji maji ya njano na ameshindwa kusimama.*

Ndugu yangu, acha kusoma, mpigie daktari sasa hivi. Hiyo ni sumu imeingia kwenye damu, na tyubu peke yake haitamwokoa. Wakati unasubiri, mnyweshe maji kama anameza vizuri, na umlaze kifua chini, asilalie ubavu. Kiwele kikiwa baridi na chenye rangi ya bluu, mwambie daktari kwenye simu.

*Yule wa madoa uliishia naye wapi, mwalimu?*

Nilimkausha mapema, nikamtibu akiwa amekaushwa. Alipozaa chuchu ile ikarudi tena, na mtamba niliyekuwa namkamua baada yake naye akaanza. Nikamtoa kundini. Alikuwa mpole kuliko wote, na niliumia. Wengine wanne waliobaki hawajarudiwa.