Somo: Jinsi ya kusoma mchoro wa Waaborijini, wa jangwani na wa pwani

Ukitaka kuufaidi mchoro wa Waaborijini wa Australia, usianze na rangi. Anza na ardhi: ni ya nani, na mchoraji anahusiana nayo vipi kiukoo. Kwangu michoro hii ni hati ya shamba kabla ya kuwa pambo la ukutani.

Hatua ya 1. Laza picha sakafuni. Wachoraji wengi wa jangwani huketi chini, kitambaa kikiwa mbele yao, kwa hiyo mara nyingi picha haina juu wala chini. Unaitazama nchi kama ndege. Duara ndani ya duara laweza kuwa kisima, kambi au moto. Alama kama herufi U ni mtu aliyeketi, maana ndivyo mwili unavyoacha alama mchangani. Usizikariri lakini; maana hubadilika kufuatana na hadithi na mwenye hadithi.

Hatua ya 2. Tafuta ukoo. Hapa usiharakishe. Kwa Wawarlpiri, watu wa jangwa la kati, hadithi ya mahali ina kirda, walioirithi kwa upande wa baba, na kurdungurlu, wa upande wa mama, wanaosimamia isipotoshwe. Mwaka 1997 wazee wa Ngurrara, katika jangwa la Great Sandy, walichora kitambaa cha takriban mita 8 kwa 10 chenye visima vyao, wakakitandaza mbele ya baraza lililosikiliza madai yao ya ardhi. Mtu alisimama juu ya sehemu yake, akaeleza kwa lugha yake. Haki yao ilitambuliwa 2007.

Hatua ya 3. Ukifika pwani, zisahau nukta zinazojaza michoro mingi ya jangwani. Yirrkala, kaskazini mwa Australia, Wayolngu huchora juu ya gome la mti kwa udongo wa rangi na brashi nyembamba ya nywele, na mistari ya maji hutofautiana ukoo kwa ukoo. Mwaka 1996 walikuta kichwa cha mamba kilichokatwa kwenye kambi ya wavuvi haramu, mahali patakatifu. Jibu lao? Magome 80 yaliyochorwa bahari yao.

Mchoraji Sally Gabori wa kisiwa cha Bentinck, huko huko kaskazini, ni habari nyingine kabisa. Alianza kuchora 2005, akiwa na miaka kama 80, kwa mabaka makubwa ya rangi: nchi ya mumewe, nchi ya baba yake. Yeye ndiye nimpendaye kuliko wote.

MASWALI YA WANACHAMA

Kwa nini nukta, mwalimu?
Papunya, kijiji cha jangwani, 1971, wazee walipoanza kuhamishia michoro ya sherehe kwenye mbao, mambo ya siri yalionekana na wasiostahili. Baadaye nukta zilisaidia kuyafunika.

Bahari nayo ina mwenyewe?
Ndiyo. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Australia iliamua, katika kesi ya Blue Mud Bay, kwamba maji yanayojaa na kupwa juu ya ardhi ya Wayolngu hayavuliwi bila ruhusa yao.

Nafundisha sekondari. Naweza kuwapa wanafunzi michoro hii wainakili?
Hapana. Wape kazi ya kuchora mtaa wao kutoka juu, kwa alama walizobuni wenyewe. Mwaka 1994 mahakama ya Australia iliwaamuru waagizaji wa mazulia yaliyofumwa Vietnam kwa michoro ya kuibwa wawalipe fidia wachoraji.