Jinsi ya Kumpima Mtaalamu wa Kuchambua Ajali za Barabarani Kabla Hajapanda Kizimbani

Kabla ya kumwita mtaalamu wa kuchambua ajali atoe ushahidi, chunguza kwanza amesomea nini na amefanya kazi gani. Shahada ya uhandisi au fizikia husaidia, lakini askari wa usalama barabarani aliyepata mafunzo maalumu na kupima maeneo mengi ya ajali anaweza kumzidi mhandisi ambaye hajawahi kuinama juu ya alama za matairi.

Mwombe akueleze hesabu yake hatua kwa hatua. Kwa mfano, gari lililofunga breki na kuburuza matairi yote kwa mita 30 kwenye lami tambarare hadi likasimama, kipimo cha msuguano (yaani jinsi matairi yanavyoshika barabara) kikiwa 0.7, lilikuwa likienda takriban kilomita 73 kwa saa. Kipimo hicho kikishuka hadi 0.6, mwendo unakuwa kama kilomita 68. Mtaalamu anayetaja namba moja tu, bila kueleza msuguano aliupataje, atabanwa na wakili wa upande wa pili mapema sana, tena kwa haki kabisa.

Mkabidhi picha, vipimo, ripoti ya polisi na data za kompyuta ya gari, hata vile vinavyodhuru kesi yako, kwa kuwa katika mahakama nyingi wajibu wake wa kwanza ni kwa mahakama, si kwa anayemlipa. Yeye aeleze gari lilikwendaje na liligonga wapi. Nani alikuwa mzembe ni suala la kuamuliwa na mahakama, ambayo hailazimiki kuyafuata maoni yake. Malipo yake yasitegemee ushindi wa kesi.